Kijana Aliyenipa Kiti Kagunga

Wajukuu zangu mnaosoma, leo naanza na kitendawili. Ninaye mtoto sikumbeba tumboni, sikumnyonyesha, sikumpa jina, na sasa yeye ananifuata huku mimi namkimbia. Fikirini taratibu. Mkishindwa msinipe mji. Miji ndiyo iliyoniponza.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, namsimulia kwa ufupi. Mimi ni Mwanvua, bibi wa Ujiji, muuza dagaa na mawese. Maji ya ziwa yalipopanda yalimeza pale nilipokuwa naanika Kibirizi, na wateja waliozoea kunikuta pale wakatawanyika. Mjukuu wangu Diana, fundi cherehani, akanifungulia kundi la wasapu, akanionyesha pa kubonyeza na pa kuongelea. Mimi niliishia shule ya msingi, na kuandika kwa kidole gumba kunanichosha. Basi nikawa naongea tu.

Wakaja. Wa Tabora, wa Dodoma, wa Kasulu, hadi wa Mbeya. Diana alitaka niweke picha za kung'aa na maneno ya asali kama wanavyofanya wengine. Nikakataa. Mzigo ukiwa na mchanga, nasema una mchanga, pepeteni. Mwezi ukiwa mpevu na boti hazijatoka, nasema leo sina kitu, kuleni maharage. Wakacheka, lakini wakabaki.

Kisha wakaanza kunieleza ya nyumbani kwao. Mtoto kafaulu, mama kalazwa, mume kahama chumba. Kila mmoja nilimjibu kwa sauti yangu na kwa jina lake. Nikisema dagaa wamekwisha wananiambia pole Bibi, umekula lakini?

Na kila Ijumaa asubuhi nilitega kitendawili. Anayepata namwongezea kopo moja kwenye mzigo wake. Wakishindwa wote, mmoja ananipa mji, kama tulivyocheza utotoni, nami nauendea kwa mdomo. Nasema nimefika, nimepokelewa hivi, nimekula hiki, halafu ndipo natoa jibu. Utamu wa mchezo uko hapo. Ukipamba sana wanacheka sana.

Ijumaa moja niliwatega hivi: mgeni wangu hapiti mlangoni, hatoki dirishani, lakini chumba chote ni chake. Wakashindwa. Mteja wa Tabora akanipa Kagunga.

Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, mimi sikuwahi kukikanyaga. Nilikijua kwa mizigo tu. Nikabonyeza, nikaongea.

Nilisema nimefika Kagunga, nimepokelewa na kijana mwembamba, anaziba wavu kwa mkono wa kushoto. Kanivutia kiti, kaniambia, "Kaa Bibi, kusimama tumeiachia miti." Nimekula samaki mgebuka wa kuchoma mpaka nimesahau nauli. Na jibu lenu ni harufu ya dagaa.

Kundi lilicheka siku nzima.

Mmoja hakucheka. Tulipoachana wiki jana alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kifurushi kichwani. Ni Inamahoro, mteja wangu wa Kasulu, ambaye sauti yake naijua kuliko ya ndugu zangu na uso wake sikuwahi kuuona. Hakunisalimia hata. Aliniuliza mume wake alikuwa amevaa nini.

* * *

Nilimvuta ndani, nikampa maji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, viatu vimejaa vumbi la Kasulu. Alikunywa nusu, akashika kikombe kama kitu cha kuazima.

Nikamuuliza mume gani, mama.

Akaniambia. Mwaka ule walipokimbia kwao Burundi, watu walijaa pale Kagunga mpaka hakukuwa na pa kuweka mguu, wote wanasubiri meli ya kuwaleta Kigoma. Mumewe, Ndayiragije, alikwenda kutafuta maji ya watoto. Huku nyuma wakaitwa kupanda. Yeye akasukumwa na watu, watoto wawili mkononi, mmoja mgongoni, mpaka akajikuta melini. Pwani ikabaki nyuma. Mume hakuonekana tena, si kwa walio hai, si kwa waliozikwa.

"Mkono wa kushoto ni wake," alisema. "Na hayo maneno ya miti ni yake. Bibi, hakuna mtu mwingine duniani anayesema hivyo."

Nikaanza kumweleza kwamba ule ni mchezo, kwamba mtu akipewa mji anatunga. Akanitazama bila kuelewa. Kwao pia wana vitendawili, akasema, mmoja anasema sokwe, mwingine anajibu niruze, kama sisi tunavyosema kitendawili na tega, na nyumbani kwao mtu akishindwa anasema nimeshindwa, basi. Hakuna anayesafiri. Bibi alisema amefika Kagunga, na Bibi hajawahi kumwambia uongo.

Hapo ndipo alipofungua kifurushi. Ndani mlikuwa na shati la mwanamume, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kama la dukani. Alilitunza miaka yote hiyo. Alikuwa amemwachia jirani yake, Nkeshimana, watoto na meza yake ya sokoni, akapanda basi.

"Niambie tu alivaa nini," alisema. "Nijue kama ana mtu anayemfulia."

Wajukuu zangu, ulimi wangu mimi umezoea kupamba. Nilimtazama yule mama na lile shati mapajani, nikasikia mdomo wangu unasema, "Shati limepauka, lakini safi."

Akafunika uso kwa viganja, akalia kwa kicheko.

Pale Ijumaa ulikuwa mchezo, na Mungu ananijua. Hapa haukuwa mchezo tena. Nilimwona mtu ana kiu, nikamtekea hewa.

Nilipata akili nikamuuliza, je, kama hayuko tena pale Kagunga, kama amevuka kurudi kwao? Uso wake ukabadilika. Akasema ng'ambo ya mpaka hawezi kukanyaga. Waliowachomea nyumba bado wanaishi jirani na kiwanja chao, na walishasema wanamngoja. Ndayiragije anayajua hayo, hawezi kuvuka. Yuko Kagunga, Bibi amemwona.

Akanibusu mkono, akaondoka kwenda Kibirizi kuwahi boti. Nikabaki na kikombe chenye nusu ya maji.

* * *

Diana aliporudi alinikuta nimekaa vilevile. Nikamwambia yote. Alichukua simu yangu, akaanza kupandisha juu, juu, juu, mazungumzo yangu na Inamahoro peke yake, ya miezi na miezi. Akasimama kwenye sauti moja ndefu. Akaibonyeza.

Ilikuwa sauti ya Inamahoro, ya wakati wa masika. Alikuwa ananishukuru kwa dagaa. Kisha, kama watu wanavyoteleza wakiongea na bibi, akaanza kumtaja mumewe. Alikuwa anaziba wavu kwa mkono wa kushoto, alisema, mpaka wavuvi wenzake wanamtania. Mgeni akija anamvutia kiti na kumwambia kaa, kusimama tumeiachia miti.

Nikaisogelea simu.

Diana akabonyeza sauti iliyofuata. Hiyo ilikuwa yangu. "Pole mwanangu," nilikuwa nasema, na kwa nyuma kuku wangu wanasikika. "Mtu wa namna hiyo hasahauliki."

Nami nilimsahau. Au niseme sikumsahau, nilimweka ndani pamoja na mama wa Dodoma aliyelazwa na mtoto wa Mbeya aliyefaulu, sauti juu ya sauti, mpaka sikujua tena ipi ya nani. Ijumaa ile nilipotafuta kijana wa kunipokea Kagunga, huyu akanyanyuka mwenyewe, nikadhani nimemtunga mimi.

Jibu la kitendawili changu mmeshalipata. Mtoto huyo ni neno langu.

"Bibi, mpigie kabla boti haijang'oa nanga," Diana alisema.

Nikapiga. Haipatikani. Tukakodi bajaji, mwendo wa kutupasua mbavu, lakini tulipofika Kibirizi boti ya kaskazini ilikuwa imekwenda, nukta kwenye maji. Ukishapita milima ya Gombe mtandao unakuja na kuondoka upendavyo.

Nilisimama palepale katikati ya wapagazi na magunia, nikabonyeza, nikamwambia Inamahoro ukweli wote. Kwamba sikufika Kagunga. Kwamba yule kijana alitoka kwenye mdomo wake mwenyewe, akapita kwangu, akamrudia. Kwamba habari ya shati niliitunga kwa kumwonea huruma. Nikamwomba ashuke kituo chochote, arudi, nauli juu yangu.

Tiki moja.

* * *

Asubuhi bado tiki moja. Lakini kundi lilikuwa limewaka moto. Kabla ya kuondoka Kibirizi, Inamahoro aliwatangazia wote kwamba Bibi amemwona mume wake akiwa hai. Alhamdulillahi na haleluya zilijaa mpaka simu ikapata moto. Waliokuwa wamenyamaza miezi walitokea. Mizigo iliagizwa kuliko nilivyoweza kupata. Kila mmoja aliandika kwamba huyu si muuzaji, huyu ni mama.

Diana aliniuliza nitawaambia lini. Nikamwambia kesho. Keshokutwa yake akaniuliza tena.

Na yule kijana akahamia kwangu.

Msinicheke. Nilikuwa naanika dagaa juu ya chanja, jua kali, nikawa namwona pembeni ya jicho. Amekaa, mkono wa kushoto unakwenda na sindano ya wavu. Nikigeuka hayupo. Nikiinama anarudi. Mara moja nilimwambia kwa sauti aniache nifanye kazi, jirani yangu Regina akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mteja. Akaitazama simu yangu iko kule kwenye beseni.

Siku hiyohiyo tiki zikawa mbili, zikageuka bluu. Amesikia. Nikakaa na simu mkononi kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Hakujibu.

Aliyejibu ni Samson.

Samson ana boti ya kupeleka soda na unga vijiji vya kaskazini. Alinikuta sokoni akanipa shikamoo huku anacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa Kagunga. Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, kuna mama kule pwani ameshika shati na simu, kila anayeshuka botini anamsikilizisha sauti yangu. Ile ya kiti. Wavuvi, wauza mawese, wanaotoka kisimani, wote wameisikia. Wengine wameisikia mpaka wanaisema pamoja nami.

Nikamuuliza kuhusu ile sauti ya pili, ya ukweli.

Akaacha kucheka. "Hiyo nayo kaisikia, Bibi. Anasema ile si wewe."

"Si mimi vipi?"

"Anasema Bibi wake anamjua, anaongea hana haraka, hatetemeki. Huyu wa pili anatetemeka. Anasema kuna mtu amekushika, anakulazimisha ukane. Anakuombea."

Nilikaa chini juu ya gunia la mtu. Miaka yote hii niliambiwa ukiongea na wateja kwa moyo watakuamini. Hakuna aliyeniambia kuna siku wataamini mpaka ukweli wako mwenyewe uwe mgeni kwao.

Nikamwambia Samson anibebe.

Kabla sijaondoka nikafanya lile nililoliahirisha. Nilibonyeza mbele ya kundi zima, nikasema sikufika Kagunga, nilikosea, msinipongeze, mniombee nimrudishe yule mama. Sikungoja kusoma majibu. Nilimwachia Diana mizigo aiangalie, nikavaa kanga juu ya kanga, nikapanda.

* * *

Njia nzima Samson alijitahidi kunichekesha. Alisema ningekuwa kijana angenioa kwa huo ulimi, angalau nyumbani kwake pasingekosekana habari. Nilimjibu kwamba mke wake wa sasa anamtosha na tena anamzidi. Milima ya Gombe ilipita upande wa kulia, kijani, imefungwa mdomo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nitamshika mkono. Nitamwonyesha sauti yake mwenyewe ya masika, aisikie kwa masikio yake, aone njia yote aliyopita yule kijana. Akitaka kunipiga, anipige. Nitamrudisha Kasulu kwa watoto wake, na biashara yangu ikifa, ife.

Tulifika jua limeshaegemea upande wa Kongo. Milima ya Kagunga inashuka mpaka majini, nyumba zimebanana chini yake kama watu waliokimbilia kivuli kimoja. Samson alinishika kiwiko, nikakanyaga maji, nikakanyaga changarawe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasimama Kagunga.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja, beseni la mawese kichwani. Aliponiona akasimama, uso ukafunguka.

"Mwiriwe, Bibi," alisema. "Karibu tena."

Nikamwambia amenifananisha, mimi sijawahi kufika huku. Akacheka kidogo, kile kicheko cha upole tunachowachekea wazee wanaosahau. Akasema nilifika, nilikaa pale, na kidole chake kikaonyesha penye nyavu zilizotandazwa, ambapo palikuwa na kiti kidogo cha mti. Hata alikumbuka kanga niliyovaa.

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hayo, ni yule mama mwenye simu?

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona."

Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anakunja kamba akatikisa kichwa kukubali. Alisema nilikula mgebuka wake, na sikumlipa, lakini ameshanisamehe.

Nilijisemea moyoni, Mwanvua, tulia. Watu hawa wamesikilizishwa sauti yako asubuhi na jioni, imewaingia, imegeuka kumbukumbu yao kama ile ya Inamahoro ilivyogeuka yako. Ni hilo tu. Haliwezi kuwa lingine. Nilijisemea hivyo, na macho yangu yalikuwa kwenye kile kiti.

"Inamahoro yuko wapi?" niliuliza.

"Yule mama wa shati?" Mwanamke alishusha beseni. "Si tulimwambia kijana hayupo tena. Alipomaliza wavu alivuka kurudi ng'ambo, Nyanza-Lac. Watu wengi walimwona akipanda."

"Na yeye?"

"Kamfuata. Alasiri hii."

Nilimgeukia Samson. Alikuwa ameshayasikia. Aliutazama mpaka, kule milima inapoendelea bila alama yoyote, akaangalia chini. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba boti yake haina ruhusa ya kuvuka, na hata ingekuwa nayo, si pwani ya kumtafutia mtu asiyetakiwa.

Nikapiga simu. Inaita. Inaita mpaka inakata. Nikapiga tena, ikapokelewa. Nikasikia injini, nikasikia upepo, na watu wanaongea Kirundi karibu na simu. Nikaita jina lake mara nyingi. Hakuna aliyenijibu, na hakuna aliyekata.

Sikuchagua pa kukaa, nilikaa palipokuwa karibu, na simu sikioni. Nilipotazama nilikuwa juu ya kile kiti.

Yule mwanamke akaja akachuchumaa mbele yangu. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine, wanawake na wanaume wawili watatu, wametulia, kila mmoja anangoja zamu yake. Akanishika goti, taratibu, kama mtu anayeomba dawa.

"Bibi, kabla hujaondoka," alisema. "Wangu mimi aliyepotea anaitwa Bariki. Mfupi, anacheka kabla hajasema. Safari ile hukumwona?"